Bwana Kitunguu Alikula Kwangu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, tulimwalika Mjapani nyumbani kwetu Ghulail. Babu yako alikuwa na duka la kutengeneza mashine za michezo ya televisheni pale Sharafiya, na huyo Mjapani alitumwa Jeddah na kampuni yake kuangalia michezo yao inauzwaje. Mtu mpole, haya tele. Biriani yangu aliila sahani mbili. Pilipili ilimtoa machozi wala hakuacha.

Tulipomaliza kula, nikawasha mashine. Ndiyo, mimi, bibi yako! Usinicheke, nilikuwa mke kijana na mchezo ule nilikuwa nikiumaliza kila wiki. Nikaumaliza na siku ile. Majina ya waliouunda yakaanza kupanda kwenye kioo cha televisheni, nami nikanyoosha mkono nizime, kama kawaida yangu. Mgeni akanizuia. Akangoja, kisha akaonyesha jina moja kwa kidole. "Huyu mimi," akasema kwa Kiarabu chake cha kuungaunga. Babu yako akalisoma, akaangua kicheko. Lilikuwa limeandikwa Bwana Kitunguu.

Akatueleza. Kampuni yao ilikuwa ya midoli. Wakubwa walipoona michezo ya televisheni inalipa, wakawachukua vijana wachache, wakawapa chumba juu ya ghala, ikawa idara. Yeye alikuwa mchoraji. Michezo ilipopendwa, wakubwa wakaogopa kampuni nyingine zitawachukua wale vijana, wakapiga marufuku majina ya kweli, kila mmoja akaandikwa kwa jina la utani.

Mavyaa wangu, mama yake babu yako, hakuwa na subira na upuuzi. Akauliza, "Na mama yako akitazama, atajuaje kama ni wewe?"

Babu yako akamtafsiria. Mgeni akasema mama yake hajui. Anadhani mwanawe bado anapanga midoli ghalani.

"Na wewe ukanyamaza? Wamekuvua jina, ukawaambia ahsante!"

Wallahi niliona haya, mgeni anakaripiwa hata kahawa hajanywa. Lakini yule bwana aliinamisha kichwa, akasema ni kweli, aliogopa.

Idara yao ikaja ikahamia jengo kubwa, ikabadilishwa jina, ikaunganishwa na nyingine, mwisho ikafungwa, halas. Wewe mwenyewe juzi ulinisomea historia yake kwenye simu. Pale kwenye mchoraji wa mchezo ule wameandika nini? Hajulikani. Khaa! Hajulikani, naye kala biriani yangu!

Sasa unanipigia kutoka huko kazini kwako Malaz. Mchezo wenu uko karibu kutoka, wewe ndiye unayepanga majina, na bosi kasema Wanjiru asiwemo kwa sababu aliondoka kabla kazi haijaisha. Msichana aliyechora mji mzima wa mchezo wenu, mkataba ukamwishia, akarudi kwao Nakuru. Unaogopa ukimsemea utaonekana mkorofi, na kile cheo unachokingoja kitapita mbali.

Kinaweza kupita kweli, sikudanganyi, na kitakuuma. Lakini nisikilize. Usimwandike kwa kujificha, na usinyamaze ukajidai umesahau. Ingia kwa bosi asubuhi, kwa adabu, umwambie mtu ameondoka lakini kazi yake mnaiuza. Akikataa, mwambie tena mbele ya wenzio, maana huenda na wao wanangoja mtu wa kuanza. Lifanye sasa, maadamu mnamjua. Mkishatawanyika, kila mmoja na kazi yake na watoto wake, nani atakumbuka?

Maana hata mimi, mwanangu, niliyempakulia kwa mkono wangu, jina lake la kweli silijui tena. Babu yako alilijua, na babu yako hatunaye. Tangu uliponisomea lile neno nimekuwa nikijiuliza usiku na mchana, alikuwa nani vile? Halinijii. Nimebaki na Kitunguu.

Nenda, mwanangu. Mungu akulainishie ulimi, akutie nguvu za magoti mlangoni kwa bosi. Na mama yake Wanjiru akae mbele ya kioo mpaka mwisho, asizime, alione jina la mwanawe likipanda. Amin.