Mbavu za Mgeni

Tulimpokea mbwa wetu kwenye kitongoji cha Jordbro, huku Uswidi, katika uwanja wa kuegesha magari nyuma ya ghala la matairi, asubuhi moja ya Februari. Gari lililomleta yeye na wenzake kutoka Ireland lilikuwa na vizimba pande zote mbili, na katika kila kizimba mbwa mmoja mrefu, mwembamba, amelala kimya kama abiria aliyechoka kuuliza tutafika lini. Walikuwa mbwa wa mbio waliostaafu, au tuseme waliostaafishwa, maana hakuna aliyewauliza. Wetu alikuwa jike wa miaka minne, mweusi, mwenye kovu mguu wa nyuma na namba za wino ndani ya masikio yote mawili. Kwenye karatasi zake alikuwa na jina refu la kimashindano. Nililitamka mara tatu mle garini na hakugeuza hata sikio.

Binti yangu wa miaka kumi na moja alikuwa ameniomba mbwa tangu alipoanza shule. Nilikubali mwaka ule kwa sababu alikuwa ameacha kuomba, na ukimya wake uliniuma kuliko kelele zake. Halafu kulikuwa na mama yangu. Mama anakaa nasi Norsborg, na alikuwa ameacha kazi ya usafi kwa sababu ya magoti, akawa anashinda peke yake akibishana na redio. Mimi nafanya kazi kwa zamu kwenye nyumba ya wazee. Nilidhani mbwa atampa mtu wa kubishana naye.

Mama alipotufungulia mlango hakumtazama mbwa usoni. Alimtazama ubavuni, akasogea, akawasha taa ya ukumbini ili aone vizuri.

“Huyu wamemfanya nini?” aliuliza.

Nikamweleza kama nilivyoelezwa na yule mama wa chama kinachowaokoa mbwa hawa. Ndivyo walivyoumbwa. Mbavu mbili tatu za mwisho lazima zionekane, na zisipoonekana ndipo mbwa amenenepa kupita kiasi. Mama alinisikiliza kama anavyowasikiliza watu wa bima wanaopiga simu, kwa adabu zote na bila kuamini neno hata moja. Kisha akamwambia mbwa, kwa Kiswahili, karibu mgeni. Kuanzia siku hiyo akawa Mgeni, na binti yangu, aliyekuwa ameandaa orodha nzima ya majina, ikabidi aikunje.

Siku ya tatu nilimtania mama. Nikamwambia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu anakoroma kwenye sofa langu. Mama akanijibu kwamba huyu alianza kulima akiwa mtoto, na wenye shamba walimaliza mavuno wakamfukuza. Sasa ni zamu ya kumlisha. Nilicheka. Ningesikiliza vizuri ningeokoa mengi.

Kwa miezi mitatu ya kwanza Mgeni hakuwa wetu kamili. Mkataba ulisema hivyo waziwazi: yule mama wa chama angekuja kumwangalia, na kama hali yake si nzuri angemhamishia kwingine. Binti yangu aliusoma mkataba ule mara nyingi kuliko kitabu chochote cha shule. Aliweka alama kwenye kalenda ya jikoni, akawa anafuta siku moja moja kabla ya kulala.

Tulikuwa na kazi ya kutosha. Mbwa aliyekulia kibandani hajui nyumba. Hakujua ngazi, na sisi tunakaa ghorofa ya pili, kwa hiyo wiki ya kwanza nilimbeba kilo zake karibu thelathini asubuhi na jioni, miguu imening'inia pande zote, majirani wakinishikia mlango. Hakujua kioo. Aligonga pua kwenye mlango wa roshani mara mbili, kisha akakaa mbali nao akiutazama kwa mashaka. Nilichokuwa sikijui mimi ni jinsi anavyoegemea. Unasimama jikoni unakata vitunguu, anakuja, anakulalia mguuni kwa uzito wake wote, na ukisogea anaanguka. Mimi si mtu wa kubembeleza wanyama, lakini nilijikuta nasimama tuli vitunguu vikiungua.

Jumamosi moja walikuja akina mama wa kanisani, Warundi na Wakongo, kumjulia mama hali ya magoti. Mgeni akatoka chumbani kuwasalimia. Mazungumzo yakakatika.

“Mais mama, huyu munamulisha kweli?” aliuliza mmoja wao, Mkongo, kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa, akikishika kikombe chake juu kana kwamba mbwa atakinyakua.

Mwenzake akasema Waswidi hawana mchezo na mambo ya wanyama, mtu akiziona mbavu zile kwenye kituo cha treni atawaripoti. Nikawaelezea habari za mbavu mbili tatu. Wakaitika kwa heshima, wakamtazama mama kwa huruma. Mama alikuwa anatazama zulia. Mama alikulia Rumonge, kwetu Burundi, kwenye nyumba ambayo mgeni haondoki bila kushiba hata kama wenyeji watalala na chai, na aibu ile ilimkaa.

Mwishoni mwa mwezi wake wa pili kwetu, koti la Mgeni likakataa kufunga. Ni koti la baridi lenye mkanda wa tumboni, na mkanda ule, uliokuwa unaning'inia, sasa haukufika. Nilipunguza chakula chake cha dukani. Baada ya wiki mbili alikuwa amenenepa zaidi, na akaanza kuuinua mguu wa kovu anaposimama. Nilimshuku binti yangu. Nilimweka chini nikamhoji kuhusu soseji na mkate, kwa ukali, mimi nikikasirika sijui kupima. Akalia, akanijibu kwa Kiswidi kama kawaida yake kwamba hajampa kitu, na kwamba niulize watu wengine wa nyumba hii. Hakusema nani.

Jumatano iliyofuata zamu yangu iliisha mapema. Nilifungua mlango, harufu ya dagaa ikanipokea. Mama alikuwa ameketi jikoni kwenye kigoda chake, sahani ya ugali magotini, anakata tonge, analichovya kwenye mchuzi wa dagaa, anampa Mgeni kwa mkono. Mgeni alipokea kwa upole, bila pupa, kama mtoto aliyezoeshwa. Hiyo haikuwa mara ya kwanza wala ya kumi.

Nilimweleza yote tena, safari hii kwa sauti ya juu. Mkataba, mguu, mtoto anayefuta siku kwenye kalenda. Mama alikata tonge jingine, na hilo likanichochea.

“Utamuua kwa mkono wako,” nilimwambia.

Mama aliinuka taratibu kwa sababu ya magoti, akaosha sahani, akaifuta, akairudisha kabatini. Kisha akaenda chumbani kwake. Siku tatu hatukuzungumza zaidi ya salamu.

Jumamosi yule mama wa chama akaja. Alikuwa Mswidi wa miaka sitini hivi, mwenye mikono mikubwa na soksi za sufu. Mgeni alimfuata na kumwegemea. Yeye akapitisha vidole ubavuni, akazitafuta mbavu, akazipata kwa shida. Akaushika mguu wa kovu na kuubonyeza kidogo. Mgeni akauvuta.

Hakukasirika. Alisema mfupa ule ulivunjika mbioni ukaunga vibaya, na kila kilo inayoongezeka inaangukia pale pale. Ikiendelea hivi mguu hautamfikisha mbali. Alisema inambidi afikirie nyumba nyingine, na kuna familia inayosubiri. Binti yangu aliitazama kalenda, zilikuwa zimebaki siku sita.

Mimi nilikuwa nimeandaa uongo. Ningesema ni kosa langu, nilipima vibaya. Nilikuwa nimefungua mdomo mama aliponiuliza yule mwenzake anasema nini. Kiswidi cha mama ni cha kazi: funguo, ndoo, ghorofa ya tatu. Nikamtafsiria, nikiruka habari ya nyumba nyingine. Lakini aliona uso wa mjukuu wake.

“Mwambie ni mimi,” alisema.

Nikatafsiri.

“Mwambie nilikuwa na mtoto kambini, kabla ya huyu.” Alinionyesha kwa kidevu. “Mbavu zake zilionekana hivi. Nikampeleka. Yule wa zahanati akaniambia, mama, ni kawaida, watoto wote hapa wako hivi. Nikaamini. Nikarudi naye.”

Nilijua kulikuwa na mtoto. Katika nyumba yetu lilikuwa jambo linalojulikana na lisilosemwa, dada aliyenitangulia akafariki, kambi moja ya wakimbizi upande wa Kigoma, basi. Sikujua habari za mbavu. Sikujua kwamba kuna mtu alimwambia ni kawaida. Mimi mwenyewe, binti yake, nilikuwa nimemwambia neno lile lile kwa karibu miezi mitatu, na nilipochoka kulisema nikamwambia atamuua kwa mkono wake.

“Mwambie yote,” mama alisema, maana nilikuwa nimeacha kutafsiri.

Nikamwambia yote. Kwa Kiswidi yalitoka maneno machache sana. Binti yangu alikuwa anasikia kwa lugha zote mbili, akahamia kwenye sofa karibu na bibi yake, akamwita “mormor”, bibi kwa Kiswidi.

Yule mama wa chama hakutoa hotuba. Aliketi sakafuni, akauomba mkono wa mama, akauweka juu ya paja la Mgeni. Akaniomba nitafsiri vizuri. Mbwa mwenye njaa huisha hapa kwanza, alisema, nyama ya paja inakwisha na uti wa mgongo unakuwa kama msumeno. Akaupeleka mkono wa mama mgongoni, kisha kwenye manyoya ya shingo, akamwambia aone yanavyong'aa. Usiziulize mbavu, alisema, uliza paja, mgongo na manyoya. Akaurudisha mkono pajani tena. Mama alikuwa anabonyeza kwa makini, akiwa amefumba macho, kama anavyobonyeza maparachichi sokoni.

“Hapa pamejaa,” alisema mwishowe.

Yule mama wa chama akatuongezea mwezi mmoja. Asingeweza kutoa zaidi, kwa sababu ya mguu.

Mwezi ule mama aliuendesha kama kazi ya kulipwa. Alipima chakula cha Mgeni kwa kikombe cha chai, akasawazisha juu kwa kisu. Akavaa koti langu la zamani na viatu vya mvua, akamtoa nje mara tatu kwa siku, yeye aliyekuwa ananiambia baridi ya huku haikuumbwa kwa ajili ya watu. Walikwenda hadi ziwani polepole, magoti mabovu na mguu mbovu, wakipumzika kwenye kila benchi. Dagaa wake aliwalia roshani, amesimama, amefunga mlango. Mgeni alikaa ndani akimtazama kupitia kioo kile kile alichokuwa anakiogopa. Binti yangu aliwapiga picha siku moja, na mama akakasirika akasema hatapigwa picha akila kama mwizi.

Nilimwomba mama msamaha Jumapili moja tukikunja nguo kwenye chumba cha kufulia cha jengo. Najua maji yakimwagika hayazoleki, na nilimwambia hivyo. Mama aliendelea kukunja shuka upande wake, mimi upande wangu, mpaka tukakutana katikati.

“Hukujua,” alisema.

Kisha akaniambia jina la dada yangu. Nilikuwa na miaka thelathini na nane na nilikuwa sijawahi kulisikia. Silitaji hapa, ni la kwetu. Nililia juu ya shuka safi, naye akaniambia nisiloweshe, limekauka sasa hivi.

Yule mama wa chama alirudi mwanzo wa Juni. Alipapasa, akabonyeza mguu, na Mgeni hakuuvuta. Akaweka karatasi mezani, akauliza nani anatia sahihi ya mwenye mbwa. Nikachukua kalamu, nikamsogezea mama. Aliandika jina lake lote, polepole, kwa herufi kubwa. Binti yangu akaitoa kalenda ukutani, akaenda nayo chumbani kwake.

Jina la Mgeni limebaki. Nilimwambia mama sasa tumbadilishie, maana si mgeni tena, akasema jina ni jina. Lakini sahani ya ugali hapewi. Mama anasema mgeni ndiye anayeshindiliwa chakula, wa nyumbani anakula kinachomtosha.

Ninapokuwa na zamu ya asubuhi natoka kabla ya saa kumi na mbili, na huwakuta wameshaamka. Mama yuko kwenye kigoda chake, Mgeni ameuegemea mguu wake, na mkono wa mama unapita pajani, mgongoni, kisha ubavuni. Hajui kama ninasikia. Nasimama ukumbini na viatu mkononi mpaka amalize.

“Zinaonekana,” anamwambia. “Na umekula. Na uko.”