Mkono wa Seremala na Kopo la Glisini

Kuna watu ukiwaambia moto unaunguza, watataka kwanza kupima kwa kidole. Seremala alikuwa wa aina hiyo, na mkewe mshonaji alikuwa ameishi naye miaka ishirini na sita. Ishirini na sita, jamani!

Mkono wa kulia ulianza kumuuma kiwikoni baada ya kupiga randa milango kumi na miwili kwa wiki moja. Daktari akaona kano, ule ukanda unaoshikilia msuli kwenye mfupa, imechanika kidogo. Akasema waziwazi: aupumzishe mkono wiki sita, kisha mazoezi mepesi. Akipuuza, kano itakatika kabisa, na hapo asahau randa.

Binti yao, mfamasia, akaleta kopo la unga wa glisini.

"Baba, kano imejengwa kwa protini iitwayo kolajeni, na karibu theluthi ya vipande vya kolajeni ni glisini. Mwili hutengeneza kiasi, chakula huleta kingine. Unga huu ni wa kuongezea tu. Huenda ukasaidia, watafiti bado hawajakata shauri. Kijiko kimoja kwa siku, na machungwa usiyaache, maana bila vitamini C kolajeni haijengeki vizuri. Na upumzike!"

Seremala alisikia "kijiko". Mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Siku ya tatu mkewe akamkuta anakoroga vijiko vinne kwenye kikombe kimoja.

"Baba Watoto, si umeambiwa kimoja?"

"Mimi nataka kupona upesi."

Siku hiyo alishinda njiani kwenda msalani, na mkewe hakumpa hata pole. Akome!

Wiki ya pili maumivu yakapungua. Mshonaji yuko kwenye cherehani yake, mara akasikia kutoka karakana ya uani: shwaa, shwaa. Randa! Akaliacha gauni la mteja na sindano ikiwa ndani ya kitambaa, akatoka mbio.

"Unafanya nini wewe?"

"Si nakunywa unga? Unga unajenga."

Mshonaji alihisi kichwa kinataka kupasuka. Amesema mpaka mate yamemkauka, binti amesema, daktari amesema, na bwana huyu anachonga! Mezani palikuwa na kiti kilichotiwa gundi saa ile ile, kimebanwa kwa vibano viwili. Akakiendea, akaanza kulegeza kibano.

"We mwanamke! Una wazimu? Gundi haijashika!"

"Gundi si umepaka? Tena ya kutosha. Kibano cha nini?"

"Usipokiacha kitulie, hakishiki, hata umwage ndoo nzima! Hilo hata mtoto..."

"Endelea. Hata mtoto nini?"

Aliketi juu ya rundo la mbao, randa mapajani.

"Mama Watoto, nikikaa wiki sita halafu mkono usirudi? Leo angalau naujua unafanya kazi."

Kumbe anaogopa! Mkewe angemwonea huruma, kama asingekuwa amemchosha kiasi kile.

"Na mimi siogopi? Unadhani napiga kelele kwa kuwa naipenda sauti yangu? Lete hiyo randa."

Akaifungia kabatini pamoja na vitambaa vya wateja.

Basi, kama kuna adhabu duniani, ni seremala asiye na kazi. Alikosoa mishono ya mkewe. Alifungua na kufunga kila mlango wa nyumba akitafuta unaokwaruza. Kila asubuhi kijiko kimoja na chungwa, na wiki sita zilipokwisha, mazoezi: kuinua chupa ya maji, kuishusha taratibu, huku ananung'unika tangu mwanzo mpaka mwisho.

Asubuhi moja alinyanyua birika lililojaa kwa mkono wa kulia, akammiminia mkewe chai, huku akilalamikia bawaba za dirisha. Hakujua hata alichokifanya. Birika halikutetemeka. Mkewe akatoka upesi uani, akajifanya anaanika nguo, machozi yanamchuruzika.

Akiwa huko nyuma ya shuka, akamsikia mumewe anaongea na jirani dirishani.

"Unaumwa bega? Ndugu yangu, achana na habari za kupumzika. Mimi nimepona kwa unga tu. Nunua kopo!"

Machozi yakakauka hapo hapo. Mshonaji akaingia ndani na shuka mbichi mkononi, na jirani, alipomwona uso, akaaga.