Mfungo Mosi Utakuwa Nani?

Mdogo wangu aliporudi mjini kwetu Ibra kutoka masomoni Uingereza, alirudi na kisanduku cha dadu. Si dadu hizi za nyuso sita tunazozijua. Zake zilikuwa na nyuso nane, kumi na mbili, nyengine ishirini. Nilizitazama mara moja tu nikamwambia azifiche, jirani asije akazitia machoni akasema nyumba yetu imekuwa ya kamari. Alicheka. Mimi sikucheka. Tangu utotoni tumegawana hivyo, kucheka kwake na kuogopa kwangu.

Alikuwa ametunga mchezo. Watu wanne watano wanakaa pamoja, kila mmoja anajifanya mtu mwengine: tabibu, baharia, fundi wa makufuli. Mmoja anasimulia yanayowafika safarini, wao wanasema watafanya nini, na dadu inaamua kama wamefanikiwa. Hakuna anayeshinda wala anayeshindwa. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Mchezo usio na mshindi, unachezwa kwa faida ya nani?

Mpiga chapa mmoja wa Matrah alikwisha kubali kumtengenezea, utoke mwezi wa Mfungo Mosi, baada ya sikukuu ya Idi. Kabla ya hapo mdogo wangu alitaka watu waujue, waungojee kwa hamu. Akachora tangazo kwa mkono, akalitolea nakala: uso wa mtu usio na macho wala pua, na chini yake, kwa Kiswahili na Kiarabu, "Mfungo Mosi utakuwa nani?" La kwanza akalibandika kwenye duka la vitambaa. Adhuhuri haijafika, mwenye duka alikwisha kulibandua. Akatuletea nyumbani, amelikunja mara nne, akaniuliza kwa sauti ya chini kama serikali imebadilisha kitu.

Mwenye duka nilimwelewa vizuri sana. Sisi tuliotoka Unguja tulifika hapa, nchi ya mababu zetu wa Kiarabu, miaka ya sabini, na kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuthibitisha sisi ni nani. Kabila gani, babu wa nani, shahidi nani. Tulizowea hata mtu akiulizwa jina lake na mgeni barabarani, alijibu mpaka la babu wa babu yake.

Na mama alikuwa bado hajamaliza kuthibitisha. Mimi na mdogo wangu tulipata jawazi, yaani pasipoti, kwa upande wa marehemu baba. Faili la mama lilikuwa limekaa ofisini likingoja mashahidi wawili wa kabila lake watie saini kwamba wazee wake wote, wa kikeni na wa kiumeni, ni watu wa Ibra. Hakuitaka jawazi kwa fahari. Dada yake aliyebaki Unguja alikuwa mgonjwa, na bila ya jawazi asingeweza kwenda kumwona. Barua kutoka kule zilipofika, mama alizisoma akiwa wima, hata kukaa hakukaa.

Sasa katika hali hiyo mdogo wangu ananiletea karatasi za wachezaji. Kila mchezaji, kabla hajaanza, anamjazia habari yule mtu wake wa kubuni. Jina. Kazaliwa wapi. Mama yake nani, baba yake nani. Ameacha nini nyuma. Siri yake ni ipi.

"Wewe una akili kweli?" nikamwuliza.

"Mtu wa kubuni, dada. Si wao."

Akanibembeleza nizipeleke soko la Jumatano. Soko lile ni la wanawake tu, yeye hawezi kutia mguu. Nikaenda, sijui kwa nini, labda kwa kuwa ndiye mdogo wangu wa pekee. Nikakaa karibu na bibi mmoja muuza udi, Mmanga, Mwarabu wa Unguja kama sisi. Nikamwamkia shikamoo, nikampa karatasi. Akaishika kwa ncha za vidole.

"Mo hadha? Nini hii?"

"Mchezo, bibi. Unamjazia mtu wa kubuni."

"Wa kubuni. Na karatasi inakwenda wapi?"

"Kwa mdogo wangu."

"Naye anaipeleka wapi, mwanangu?"

Swali hilo nilikuwa nalo mimi mwenyewe. Uingereza alikaa miaka minne. Nani huko alimfundisha kuuliza watu siri zao?

Lakini walijaza. Kwetu sisi karatasi yenye maswali hairudishwi tupu, asiyejaza ndiye atakayeonekana. Bibi alijaza, binti zake wakajaza, na wale wa upande wa pili wa soko wakapelekewa zao. Nilirudi na rundo zima.

Alkhamisi yule mwenye duka na majirani wawili walialikwa kujaribu mchezo. Mdogo wangu aliwatandikia majlisi, chumba chetu cha wageni, akaweka halwa na kahawa, nami nikasimama nyuma ya pazia kusikiliza. Aliwagawia karatasi zilizojazwa sokoni, kila mtu achague wa kumcheza. Halafu nikamsikia mdogo wangu akizisoma moja moja, sauti ikizidi kupungua. Amezaliwa Ibra. Mama yake wa Ibra. Hakuacha kitu nyuma. Hana siri. Amezaliwa Ibra. Mama yake wa Ibra. Wote, rundo zima, mtu mmoja yule yule.

"Haya, si neno," akasema. "Chombo chenu kimepigwa na dhoruba, kinaingia maji. Mtafanya nini?"

Mwenye duka akafikiri sana. "Sisi hatujapanda chombo," akasema. "Sisi tuko Ibra."

Dadu haikutupwa hata mara moja. Walikula halwa, wakashukuru, wakaondoka. Mdogo wangu alibaki pale na karatasi zake, na mara ya kwanza nikamwona hacheki. Mama ndiye aliyemwonea huruma.

"Nipe moja, mwanangu," akamwambia. "Mimi nitakujazia mtu."

Akaenda nayo chumbani. Aliandika muda mrefu, kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika Kiswahili wazee wetu. Alipotoka alimpa imekunjwa, naye akaitia mkobani pamoja na nyengine. Mimi nikabaki na wasiwasi wangu. Mtu wa kubuni gani anayeandikwa saa nzima?

Jumatano iliyofuata yule bibi muuza udi aliniita kando. Mmoja wa mashahidi wa mama, akasema, amesikia kwamba nyumba yetu inakusanya habari za watu. "Anasema haweki saini mpaka ajue karatasi zile za nini."

Sikungoja. Alasiri, mdogo wangu alipokuwa msikitini, nilifungua mkoba wake, nikachukua karatasi zote, nikaenda nazo jikoni uani. Nilizitia motoni mbili mbili. Ya mama niliibakisha mwisho, nikaikunjua.

Ilikuwa imejaa pande zote mbili. Nilisoma mstari mmoja: "Mama yake alifika pwani kwa miguu, akiwa mtoto, kutoka Bara, na jina lake la kwanza lilikuwa". Hapo nikaondoa macho. Miaka yote mama alituambia bibi yetu ni mtu wa hapa hapa Ibra, na ndivyo lilivyosema faili lake. Nilijiambia nisilolijua sitaulizwa. Nikaitia motoni, nikaikandamiza kwa koleo mpaka ikawa jivu.

Mdogo wangu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulidhani nitampelekea nani?"

Mama alipoambiwa alikuwa akichagua mchele. "Umefanya vyema," akasema, na akaendelea kuchagua.

Shahidi alitumiwa habari kwamba hakuna tena karatasi yoyote, akaja, akatia saini. Jawazi ikatoka. Mama akaenda Unguja akamkuta dada yake yu hai, akakaa naye mpaka alipomzika. Mchezo nao ulitoka Mfungo Mosi, kama tangazo lilivyosema. Alinunua mwenye duka, nadhani kwa haya, na masanduku yaliyobaki yakakaa chini ya ngazi zetu. Hakuna mtu wa ofisi yoyote aliyewahi kutuuliza habari zake.

Mwaka mmoja baada ya mama kurudi nilishindwa kuvumilia. Nilitoa karatasi tupu kwenye sanduku moja, nikamwekea mbele yake pamoja na kalamu.

"Mama, nisamehe. Niandikie tena ile."

Akavaa miwani, akaandika polepole, akanirudishia. Amezaliwa Ibra. Mama yake wa Ibra. Hakuacha kitu nyuma. Hana siri.

"Hiyo," akaniambia, "unaweza kuiweka."