Fomu ya Kuhama

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa karani wa masomo katika tawi la chuo kikuu kimoja pale Kitengela, ghorofani juu ya duka la saruji na mabati. Hasira zangu ziko karibu, na niliofanya kazi nao wanajua. Siku barua ilipotoka makao makuu kwamba kozi ya afya ya mifugo inafungwa kwetu, nilizifokea kuta kwanza, ndipo nikawaita wanafunzi.

Walikuwa sita. Kila mmoja alipewa fomu yenye njia mbili: ahamie Nairobi amalize kozi ile ile, au abaki Kitengela aanze kozi ya biashara, mwaka wa kwanza. Asiyerudisha fomu angehesabiwa kuwa ameacha chuo. Walipewa siku nne.

Watano walijaza hapo hapo. Wa sita, binti wa Kimaasai wa mwaka wa tatu aliyeongoza darasa zima, aliikunja fomu akaitia ndani ya kitabu.

"Lazima niulize nyumbani, madam."

"Wewe ni mtu mzima. Unauliza nini?"

"Wao ndio walinituma."

Nilijua anachosema. Wazee wa boma lao, nje kidogo ya Kajiado, walikuwa wamemkalia kikao, wakambariki, wakamtuma akasomee ng'ombe wao. Nikamwambia mficha uchi hazai, aende awaeleze upesi arudi.

Hakurudi. Siku ya mwisho asubuhi bado hakuwa amerudi, na kwao hakukuwa na simu. Orodha ilikuwa iondoke saa kumi jioni. Nilikasirika, nikajiambia afadhali biashara kuliko kuachwa nje kabisa, nikaandika jina lake upande wa wanaobaki. Nikaiweka orodha mezani kwa mkubwa wangu.

Lakini chai ya saa nne haikunywika. Miaka mitatu ya mtoto wa watu, na mimi nimeifuta kwa mstari mmoja! Ilikuwa siku ya soko la mifugo Kajiado, na wazee wale hawakosi soko. Nikaomba ruhusa, nikapanda basi la Namanga linalopitia Kajiado.

Niliwakuta kivulini mwa lori, wazee watatu wamekaa, binti amesimama nyuma yao. Nikaanza kabla sijavuta pumzi: "Leo ndiyo mwisho, hiyo fomu..."

Mzee mkubwa aliinua mkono, akanisalimu kwanza kwa lugha yao. "Takwenya."

"Iko," nikaitikia salamu kwa aibu.

"Keti, mama. Umetoka wapi? Njiani umeona nini?"

Nilikuwa nimeishi na Wamaasai miaka ya kutosha kujua kwamba kwao habari haikatwi vipande. Mgeni huisimulia tangu alikoanzia, na wenyeji humwitikia hatua kwa hatua. Saa ilisema saa saba kasorobo. Nikameza hasira. Nikasimulia mvua iliyokataa kunyesha Kitengela, ng'ombe niliowaona wamekonda kando ya barabara, kisha ile barua. Niliposema kozi imefungwa, mzee aliacha kuitikia. Binti aliinamisha kichwa, nami nikaelewa kwamba siku zote nne hakuwa amewaambia neno.

"Niliogopa mtasema nimefukuzwa," akamwambia mzee.

Mzee alinigeukia.

"Kwa hivyo si mtoto ameacha shule," akasema. "Ni shule imemwacha." Akawageukia wenzake, wakazungumza Kimaa, bila haraka, kila mmoja kwa zamu yake. Kisha akarudi kwangu. "Nyasi ikiisha, sisi tunahama na ng'ombe. Hatuuzi ng'ombe ati tufungue duka. Huyu ahame."

Binti alilia, akatia sahihi akiwa ameegemeza fomu kwenye ubavu wa lori.

"Habari yako imeisha, mama?" mzee akaniuliza.

Ilikuwa rahisi kusema imeisha. Ningekimbia, nibadilishe orodha, pasijue mtu. Lakini methali niliyompa mtoto wa watu ilikuwa imenirudia mwenyewe.

"Bado," nikasema. Nikawaeleza nilichoandika asubuhi.

Hakuna aliyenifokea, na afadhali wangenifokea. Binti alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana.

"Kwa hivyo saa hii mimi niko kwa biashara?"

"Kwa karatasi, ndiyo."

"Sasa habari imeisha," mzee akasema. "Nendeni."

Tuliingia ofisini saa kumi kasoro dakika chache. Mkubwa wangu alikuwa analamba gundi ya bahasha. Nikamsihi asiifunge. Aliuliza kwa nini, nami, sijui nini kilinijia, nikaanzia kwenye mvua. Alitazama saa mara mbili, lakini alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaichomoa orodha, akanisukumia mezani.

Nilikata mwandiko wangu mwenyewe, nikaliandika jina lake upya upande wa wanaohama. Binti alisimama begani kwangu, macho kwenye kalamu.

"Habari imeisha, madam?"

"Imeisha."

Hakuondoka. Aliichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaisoma mwenyewe, mstari kwa mstari, hadi chini.