Kichwa Kilichopakwa Mafuta

Mpaka leo nikisikia mtu anasema mashine haidanganyi, damu hunichemka. Nilikuwa kipa wa timu ya wasichana pale Msambweni, na sikuwa kipa wa kubahatisha. Penalti nilizisoma kwenye nyonga ya mpigaji kabla mguu wake haujagusa mpira. Kocha wetu mwenyewe alikuwa akiniita Macho Manne.

Msimu mmoja alikuja mtaalamu, kijana wa chuo, na kofia iliyojaa nyaya za kusomea ubongo. Alitaka wasichana wawili wa kuwafunza macho: namna ya kuufuata mpira katikati ya vurugu. Watakaochaguliwa wangekwenda Nairobi miezi mitatu, na kutoka huko timu ya taifa haikuwa mbali. Mjinga mimi, nilianza kupanga nguo kwenye begi.

Asubuhi ya kipimo mama aliniita uani. "Kaa kitako," akasema, akakibana kichwa changu katikati ya magoti yake. Kwetu hutoki kwenda kwa wageni na kichwa kikavu. Alinisuka mistari iliyobana, kisha akanimiminia mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, mpaka yakanitiririka shingoni. "Wasije wakasema huna mama."

Kipimo kilifanyiwa darasani, madirisha yamefunikwa leso ili tuweze kuvua hijabu. Nikavishwa ile kofia. Kwenye skrini mipira minane ilikimbizana, nami nilitakiwa kuifuata mitatu iliyowaka mwanzoni. Nikaifuata, na kila iliposimama niligusa ile ile mitatu. Yule kijana hakunitazama hata mara moja. Alitazama mistari iliyojichora kwenye kompyuta yake, akamwambia kocha, mbele yangu, kama vile mimi ni kiti: "Huyu ubongo wake hauonyeshi umakini. Umelala."

"Lakini mipira nimeipata yote," nikasema.

Kocha akacheka. "Umebahatisha, mwanangu. Mashine haidanganyi."

Walichaguliwa wawili wa shule ya bweni, vichwa vimenyolewa. Mimi nikabaki na jina jipya. Mpira ukinipita, uwanja mzima ulipiga kelele, "Kipa, amka!" Nikaanza kuyatilia shaka macho yangu mwenyewe, na kipa akishafika hapo, kazi imekwisha. Kabla ya Ramadhani nilikuwa nimerudisha glavu.

Mwaka huu binti yangu wa miaka sita alianza kukakamaa na kuanguka. Hospitalini wakatuandikia kipimo cha ubongo. Muuguzi alinipa karatasi, akanisomea taratibu: "Mfumue misuko yote, mwoshe nywele kwa sabuni, wala usimpake mafuta. Ukimpaka, mashine haisomi vizuri."

Nikamwomba arudie. Akarudia, akidhani sikusikia.

Mstari mmoja tu wa karatasi! Na yule msomi alikuwa na kichwa changu mikononi mwake, darasa zima linanuka nazi. Angeniambia, "Nenda kaoge, urudi kesho." Na kocha je, mzaliwa wa Mwabungo, ambaye nyumbani kwake hupikwa mafuta hayo hayo? Naye hakuyataja. Nilikwenda kumwambia. Akanijibu kwamba yaliyopita si ndwele. Ya kwake yamepita. Yangu hayajapita, na sitaki mtu aje kunihubiria kusamehe.

Mama sikumwambia kitu. Nilijua ingemuumiza bure.

Siku ya kumpeleka mtoto nilimwogesha, nikaingia ndani kuvaa buibui. Nilipotoka nilimkuta uani, amebanwa katikati ya magoti ya bibi yake, na chupa ya mafuta imefunguliwa. Nikaruka, nikaipokonya. "Mama, utaharibu kipimo! Mafuta yanazuia mashine kusoma!"

Mama akanitazama. Akakitazama kichwa kikavu cha mjukuu wake, kisha akanitazama tena, safari hii juu ya uso wangu, pale nywele zinapoanzia.

"Na siku ile yako?" akauliza.

"Siku ile kosa halikuwa lako."

Mama alishika ncha ya leso yake akaanza kujifuta viganja, akafuta na kufuta, ilhali hakuwa amemimina hata tone.