Kiti cha Wasiotujua

Kwetu, kwenye baridi ya nyanda za juu za Kenya, tuko Wayahudi wachache, na dini tumejifunza wenyewe kwa vitabu vya kuazima. Kila Pasaka tuliacha kiti kimoja wazi mezani kwa ajili ya Wayahudi wa nchi za mbali waliofungwa kwa sababu ya kusali. Hakuna kati yetu aliyewahi kukutana nao. "Wao hawatujui," babu alikuwa akisema, "lakini sisi tunawajua." Kukipangusa kiti hicho ilikuwa kazi yangu, na nilikipangusa hadi mama akanishika mkono.

Nilipoajiriwa Riyadh niliishi peke yangu, kwa hiyo karibu kila kiti kilikuwa wazi. Shida ilianza nilipohamishiwa Jeddah. Nikapanga nyumba mtaa wa Bani Malik pamoja na muuguzi wa Unguja, Mwislamu, mcheshi, mtu wa kwanza tangu nitoke nyumbani kuniuliza kama nimekula. Nyumba ilikuwa na viti viwili. Sikuwa nimemwambia dini yangu. Niliogopa kumpoteza. Nilitunga sentensi ya kumwambia, nikaisahihisha, nikaifuta.

Pasaka ilipofika, yeye alikuwa na zamu ya jioni. Nikapika mkate usio na hamira, nikauunguza, nikapika mwingine. Nikakiacha kiti cha pili wazi mezani. Kabla sijaanza sala, mlango ukafunguka.

"Wamenibadilishia zamu! Nimechoka, miguu si yangu," akasema, huku akijishusha kwenye kiti kile.

"Usikae!"

Akabaki ameinama, mfuko wa samaki wa kukaanga mkononi. "Kuna nini, mwenzangu? Kimevunjika?"

Sentensi zangu zote nzuri zikanipotea. Nikamwambia ovyo ovyo: mimi ni Myahudi, leo ni Pasaka, kiti ni cha wafungwa, babu ndiye aliyetufundisha. Akaenda jikoni. Nikasikia kabati likifunguliwa na kufungwa, nikajua anakusanya vyombo vyake ahame.

Akarudi na sahani na gilasi, akaviweka mbele ya kiti.

"Mgeni gani mnamuekea kiti, sahani hana? Hebu!" Kisha akapindua ndoo ya kufulia, akaikalia. "Na mimi kunificha siku zote hizi, kama mimi polisi! Haya, soma, samaki anapoa."

Nikasoma. Nilikosea mahali pawili, na sikurudia.

Tulipokuwa tukila alikitazama kile kiti. "Na hao wakifunguliwa?"

"Utakikalia wewe."

"Ah, basi tununue cha tatu. Wafungwa hawamaliziki dunia hii, na ndoo yaniumiza."

Sikukuu ilipokwisha tukaenda Balad, kwenye maduka ya mji mkongwe. Nilijaribu kila kiti dukani, nikitikisa miguu yake mmoja mmoja, mpaka akapiga kelele: "Halas, chukua hicho! Mwenyewe haji kukagua!"

Nilijua haji. Hata hivyo sikutaka kiyumbe.