Chokaa Kidogo kwa Libérate

Bupe alikuwa na mkono wa jikoni. Hilo hata mimi Kulthumu wa Tanga, na ubishi wangu wote, nalikubali. Tulipanga mlango kwa mlango pale Point, Durban, kwenye jengo ambalo lifti yake ilishakuwa pango la mende. Mchana alipika mtaa wa Overport kwa bibi mmoja Mmarekani, aliyezaliwa kwa Waamish, wale Wakristo wanaolima kwa farasi na hawataki umeme nyumbani. Bibi ndiye aliyemfundisha achari yao ya matango. "Achari na sukari wapi na wapi?" niliuliza. Kisha nikamaliza bakuli.

Anakata matango vipande, anayalaza kwenye maji ya chokaa ya kula, ileile ya tambuu, yasije yakalegea. Asubuhi anasuuza, anamwaga, anayaloweka tena kwenye maji safi, anamwaga, mpaka nachoka kwa niaba yake. Halafu ndiyo anachemsha siki, sukari, karafuu na mdalasini, na ngazi nzima watu wanapiga chafya. "Chokaa ikibaki inaua ukali wa siki," aliniambia, "na siki ikifa, achari inageuka sumu."

Sasa, Libérate. Mwaka ule wa tisini na nane alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka. Yeye na mumewe Pontien walitokea Bukavu, Kongo, chumba chao ghorofa ya juu yetu. Bupe hakujaliwa mtoto, akamshika Libérate kama mdogo wake wa tumbo moja. Alimpandishia ndoo za maji, akamkataza hata kufua. "Huyu atazaa, Kulthumu. Safari hii atazaa." Alilisema sana, mpaka nikawa naogopa kulisikia.

Mimba ile ilitaka udongo. Kwetu mjamzito kutafuna udongo si ajabu, sokoni unauzwa. Durban aliukosa, akawa analamba ukuta, maskini. Siku moja akachukua tango kutoka kwenye maji ya chokaa, akalilamba, akafumba macho.

"Dada Bupe, usisafishe sana. Hii goût, hii ladha ya chokaa ndio niko nataka. Inafanana na udongo ya kwetu."

"Weee!" nikaruka. "Bupe, bibi yako wa Overport kakwambiaje?"

"Chupa moja tu. Tumbo limeomba, mimi nani nikatae?"

Akayasuuza juujuu, mara moja. Wiki kadhaa chupa ikakaa kwenye kabati la Libérate, na joto la Februari la Durban mnalijua. Siku aliyoifungua, kifuniko kilikuwa kimevimba, kikatoa pumzi. Pontien ndiye aliyetusimulia baadaye. Mkewe alicheka, Mungu wangu, akasema, "Eish, iko kama soda!" Akala peke yake, Pontien hapendi vitu vya siki.

Kesho yake kope zikamlemea. Akamwambia mumewe anamwona wawili. Jioni sauti ikaingia puani, maji yakawa hayapiti kooni. Bupe alipanda mbio, akaiona ile chupa imeliwa nusu. Akachovya ulimi, akatema. "Siki haipo," akasema. "Kulthumu, siki haipo." Akaifunga ile chupa kwenye kanga.

Tulimbeba Libérate mpaka kwenye taksi. Hospitali daktari akauliza amekula nini. Pontien, chupa haikumjia akilini, akasema samaki. Bupe angeweza kunyamaza, wallahi, na nani angejua? Akaitoa chupa kwenye kanga, akaiweka mezani. "Amekula hii. Nimeitengeneza mimi, na niliambiwa nisiitengeneze hivi."

Pontien alimtazama, akageukia ukutani.

Walimtia Libérate kwenye mashine ya kupumulia. Mwili mzima ulilala, hata kope. Daktari alisema sumu ya vijidudu vilivyoota ndani ya chupa imemlaza misuli, anasikia kila kitu ila hawezi kujibu, na miezi itapita kabla ya kujulikana kama atainuka. Baada ya siku chache wakampasua wamtoe mtoto. Wa kike, mzima, anapiga kelele wodi nzima.

Nesi akamlaza kifuani kwa mama yake. Mtoto analia, mama kimya, mikono imelala pembeni. Pontien alibaki mlangoni. Bupe ndiye aliyeunyanyua mkono wa Libérate, akauweka mgongoni kwa mtoto. Ukateleza. Akauweka tena, ukateleza tena. Basi akaushikilia hapohapo, na Pontien hakumwambia aondoke.